SAUTI IKIKAUKA MAJUMA MATATU, USINYAMAZE
Karatasi ya maulizo inasaidia nini, na mwisho wake ni wapi



Katika kazi ya mgodi tumezoea kupimwa. Munganga anapiga mapafu radio, anapima masikio juu ya kelele, anapima macho ya madereva, anatazama damu na mkojo. Lakini ni mara chache mtu kuulizwa: «Na sauti yako, iko namna gani?» Mtu akifika kazini sauti imekauka, wenzake wanacheka tu. Wanasema ameimba sana kwenye matanga, ao amelewa jana. Yeye mwenyewe anacheka pamoja nao. Juma linapita, mwezi unapita, na hakuna aliyeuliza.

Hata hivi sauti ni chombo cha kazi kama vile nyundo na taa. Kapita anaamuru kwa sauti. Mwenye kulinda njia wakati wa kulipua baruti anazuia watu kwa sauti. Mwenzako akiona jiwe linataka kuanguka, kitu cha kwanza kinachokuokoa ni mlio wake. Na nje ya mgodi, wengi katika jamaa zetu wanakula kwa sauti: walimu wa masomo, mama wanaouza sokoni, waimbaji, wahubiri. Chombo hicho hakiuzwi katika magazini yoyote. Kikiharibika, hakuna cha kubadilisha.

Leo tunaeleza njia moja rahisi ambayo waganga wa nchi nyingi wanaitumia kwa kuwatafuta wenye ugonjwa wa sauti kabla haujazidi: karatasi ya maulizo ambayo mtu anajibu yeye mwenyewe. Tutaeleza inafanya nini. Tutaeleza pia kitu ambacho haiwezi kufanya, maana hapo ndipo watu wanapopotea.

SAUTI INATOKA WAPI?

Weka kidole mbele ya shingo, pale panapotokeza kwa wanaume, halafu sema «mmmm». Utasikia mtetemo. Ndani yake kuna sanduku la sauti, ambalo vitabu vinaliita kongomeo. Katika sanduku hilo kuna mikunjo miwili midogo ya nyama, upande wa kuume na upande wa kushoto. Watu wengi wanaiita kamba za sauti. Tukipumua, inaachana ili hewa ipite. Tukisema, inakaribiana, na hewa inayotoka katika mapafu inaigonganisha mbio sana.

Kwa mwanaume anayesema kwa kawaida, mikunjo hiyo inagongana karibu mara 100 kwa sekunde moja ao zaidi kidogo. Kwa mwanamke ni karibu mara 200. Fanya hesabu: mwanaume akitoa sauti kwa saa moja bila kukatiza, kamba zake zimegongana zaidi ya mara 360,000. Kwa mwanamke ni mara mbili ya hiyo. Na mtu akipiga kelele, zinagongana kwa nguvu zaidi.

Sasa unaweza kufahamu kwa nini zinachoka. Mkono unaoshika sururu kila siku unaota sugu. Kamba za sauti zinazopigwa kila siku zinaweza nazo kuota uvimbe mdogo, mgumu kama sugu, kila upande mmoja. Hapo hazifungi tena vizuri. Hewa inavuja, na sauti inatoka imekwaruzika.

KWA NINI SISI WA MGODI?

Sababu ya kwanza ni kelele. Katika mwaka 1911, munganga mmoja wa Ufaransa, Étienne Lombard, alionyesha kwamba mtu akizungukwa na kelele anapandisha sauti yake bila kujua. Hakuna anayemwambia apandishe; inapanda yenyewe. Mfanyakazi anayekaa karibu na mashini ya kuponda mawe, ao karibu na feni kubwa ya kupeleka hewa chini ya udongo, anapiga kelele siku nzima, na yeye anafikiri anazungumza tu. Iko alama moja rahisi: kama inakupasa kupandisha sauti ili mwenzako aliye mbali kwa urefu wa mkono akusikie, kelele ya mahali hapo labda imefika desibeli 85 ao zaidi. Kelele hiyo inadhuru masikio yako, na inachosha koo lako wakati uleule.

Sababu ya pili ni vumbi na moshi. Vumbi la jiwe linakausha koo na kuleta kikohozi, na kila kikohozi ni pigo juu ya kamba za sauti. Nyumbani kuna moshi wa makala, na sigara. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9, hewa ya kwetu Katanga ni kavu na vumbi la barabara ni jingi. Koo lililokauka linaumia upesi.

Sababu ya tatu inawahusu zaidi wale wa viwanda vya shaba, pale tunapotumia asidi sulfuriki katika sale ya elektrolizi. Ukungu wa asidi unaopanda juu ya mabaki unachoma pua na koo. Hilo kila mfanyakazi analijua. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: katika mwaka 1992, shirika la kimataifa la kuchunguza kansa, ambalo makao yake yako Lyon katika Ufaransa, liliandika kwamba ukungu wa asidi kali zenye asidi sulfuriki unaleta kansa kwa watu, na mahali penyewe panaposhikwa ni sanduku la sauti. Hiyo haina maana kwamba kila mtu wa elektrolizi atagonjwa. Ina maana kwamba mtu wa elektrolizi asicheke sauti yake ikikauka.

KARATASI YA MAULIZO NI NINI?

Munganga anaweza kusikiliza sauti yako kwa dakika kumi katika chumba chenye utulivu. Lakini hakuwa pamoja nawe siku ya pili saa nane ya mchana, wakati sauti ilipokatika mbele ya ekipe nzima. Hakuwa kanisani siku ya yenga wakati uliposhindwa kuimba. Wewe ulikuwako. Kwa hiyo waganga walifikiri: ni vema kumuuliza mwenye sauti yenyewe, na kumuuliza kwa maneno yaleyale kila mara, ili majibu ya leo yapate kulinganishwa na majibu ya kesho.

Karatasi inayojulikana zaidi iliandikwa katika mwaka 1997 na Barbara Jacobson na wenzake, katika mji wa Detroit, Marekani. Inaitwa Voice Handicap Index, na waganga huandika VHI tu. Ina maneno 30, yamegawanywa katika mafungu matatu ya maneno 10:

1. Fungu la kazi: kama watu wanakusikia, kama unaacha kusema na wengine, kama mshahara wako umeguswa.
2. Fungu la mwili: kama unakosa pumzi ukisema, kama unasukuma kwa nguvu, kama sauti inabadilika katika mchana.
3. Fungu la moyo: kama unaona haya, kama unakasirika, kama unajiona umepungukiwa mbele ya watu.

Kwa kila neno mtu anachagua jibu moja: hapana kabisa, ambayo ni 0, ni shida kutokea, 1, mara nyingine, 2, karibu kila mara, 3, kila mara, 4. Wanajumlisha. Aliye na 0 sauti haimsumbui. Hesabu ya juu kabisa ni 120.

Katika mwaka 2004 waganga walifupisha karatasi hiyo, wakabakiza maneno 10 tu. Hesabu yake inakwisha kwa 40, na uchunguzi uliotolewa katika mwaka 2012 ulionyesha kwamba anayepita 11 ni vema atazamwe. Fupi hiyo inajazwa kwa dakika chache, hata mtu akingojea zamu yake kwenye benchi ya dispanseri.

Ziko karatasi nyingine. Katika nchi ya Brazil, katika mwaka 2013, walitoa moja waliyoitengeneza kwa ajili ya walimu wa masomo, kwa sababu mwalimu anasema siku nzima mbele ya watoto wengi. Hiyo inataja alama 12, kama vile sauti kukauka, sauti kukatika, koo kukauka, kikohozi, maumivu wakati wa kusema, na kusema kwa kujikaza. Mwalimu mwenye alama 5 ao zaidi anatumwa kwa munganga. Na kwa watoto, tangu mwaka 2007 kuna karatasi ambayo wazazi wanajibu kwa niaba yao, maana mtoto anayepiga kelele kila siku kwenye kiwanja naye anaweza kuota sugu kwenye kamba za sauti.

KUCHUJA SI KUTAJA UGONJWA

Kila mama anajua kazi ya chekecheke. Unga ukipita humo, yale yaliyobaki juu unayaangalia kwa mkono: hili ni punje nzima, hili ni jiwe, hili ni donge la unga mzuri tu. Chekecheke haijui kutofautisha jiwe na donge. Kazi yake ni kutenga ya kuangaliwa.

Karatasi ya maulizo ni chekecheke. Haisemi «huyu ana kansa, huyu ana mafua, huyu amechoka». Inasema tu: «Huyu aangaliwe.» Kwa hiyo ukipata hesabu kubwa, usikimbie kulia. Wengi watakaotumwa kwa munganga wataonekana wana jambo dogo, na wengine hawana kitu. Chekecheke nzuri inapaswa kuwa na matundu madogo. Ni afadhali kuangalia madonge mengi ya unga kuliko kuacha jiwe moja liingie katika sufuria ya bukari.

Iko faida nyingine. Watu wawili wanaweza kuwa na uvimbe uleule, wa kipimo kilekile, lakini mzigo wao si mmoja. Mlinzi wa usiku anayekaa peke yake anaweza kupata hesabu ndogo, maana hasemi sana. Mwimbaji ao mwalimu anaweza kupata hesabu kubwa sana. Kioo cha munganga kinaonyesha uvimbe, hakionyeshi mzigo. Karatasi inaonyesha mzigo. Na baada ya matunzo mtu akijibu tena, hesabu ikishuka, munganga anajua kwamba dawa ao mazoezi yamesaidia kweli.

HESABU NDOGO ISIKUDANGANYE

Hapa tunaomba msome polepole.

Karatasi inapima uzito wa shida. Haipimi hatari. Mtu wa maneno machache, mwenye moyo mgumu, aliyezoea kuvumilia, anaweza kuandika 0 na 1 kila mahali, kumbe ndani ya koo kuna kansa inayoanza. Haimuumi. Haimzuii kula. Sauti tu imekauka kidogo, naye amezoea. Kinyume chake, kijana mwenye mafua ya siku tatu anaweza kupata hesabu kubwa, na juma lijalo amepona.

Kwa hiyo karatasi inakwenda pamoja na kitu kingine kilicho katika kila nyumba: kalenda. Sauti inayokauka kwa sababu ya mafua, ao ya kushangilia mpira, inarudi katika juma moja ao mawili. Ikifika majuma matatu bila kurudi, usitazame tena hesabu ya karatasi. Nenda kwa munganga. Waganga wa Marekani wenyewe walibadilisha sheria yao. Katika mwaka 2009 waliandika kwamba mgonjwa anaweza kungoja mpaka miezi mitatu kabla ya kutazamwa ndani ya koo. Katika mwaka 2018 wakapunguza: majuma manne, yasizidi. Na kama kuna alama ya hatari, asingoje hata hayo.

Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu kansa inayoanzia juu ya kamba za sauti zenyewe ina jambo moja la rehema: inapiga kengele mapema. Uvimbe mdogo kama kichwa cha kiberiti unatosha kubadilisha sauti. Ikigunduliwa wakati huo, wagonjwa walio wengi wanapona, kwa mionzi ao kwa operesheni ndogo, na sauti inabaki. Ikiachwa mpaka mtu anashindwa kumeza na kupumua, mara nyingine munganga analazimika kuondoa sanduku lote la sauti, na mtu anapumua kwa tundu la shingo maisha yake yote. Ugonjwa ni uleule. Tofauti ni miezi iliyopotezwa.

Wanaoshikwa zaidi ni wavuta sigara. Mwenye kuunganisha sigara na pombe kali, kama lutuku, anazidisha hatari, wala hajumlishi tu.

Usisahau pia kifua kikuu. Mtu aliyekula vumbi la jiwe la silika miaka mingi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na kifua kikuu kinaweza kupanda mpaka sanduku la sauti. Mtu wa namna hiyo anaambukiza sana. Sauti iliyokauka, pamoja na kikohozi cha majuma mawili, kukonda na jasho la usiku: peleka makohozi yapimwe, uwalinde watoto wako.

Alama ambazo hazingoji majuma matatu ni hizi:

- kutema damu;
- kupumua kwa shida ao kwa mlio;
- kumeza kwa shida ao kwa maumivu yasiyoisha;
- uvimbe katika shingo;
- kukonda bila sababu;
- sauti kupotea mara moja baada ya kuumia shingo, ao baada ya operesheni ya shingo ao ya kifua;
- sauti kukauka baada ya kuvuta mvuke wa asidi ao gazi. Hapo ni mbio kwa dispanseri, siku hiyohiyo, hata kama unaona umepata nafuu.

NAMNA YA KUJIBU

Karatasi ni ya kweli kama mwenye kujibu ni wa kweli. Tunajua wengi wanaficha. Dereva, kapita, mwenye kulipua baruti, kila mmoja anafikiri: «Nikiandika kwamba sauti yangu ni mbaya, watanitoa katika nafasi yangu.» Woga huo si upuuzi. Mtu ana watoto, ana masomo ya kulipa. Lakini fikiri vizuri. Sauti iliyoshikwa mapema inatunzwa mara nyingi kwa kupumzika, maji na mazoezi, na mtu anarudi kwenye nafasi yake. Sauti iliyofichwa miaka miwili ndiyo inayomtoa mtu katika nafasi.

Na wale wanaogawa karatasi wana kazi yao pia. Majibu ya mgonjwa ni siri ya munganga. Shefu wa ekipe ana haki ya kujua kama mtu anaweza kufanya kazi fulani ao hapana. Hana haki ya kusoma majibu yake. Karatasi isikusanywe na kapita, isijibiwe mbele ya wote. Mahali ambapo watu wanaogopa, chekecheke imetoboka.

Mashauri mengine ya kujibu:

Jibu juu ya majuma machache yaliyopita. Usijibu juu ya leo tu, wala juu ya ujana wako.

Usitazame karatasi ya jirani. Hakuna jibu zuri ao baya kama katika masomo.

Kama hujui kusoma, usione haya. Muuguzi akusomee maneno polepole, bila kukuonyesha jibu kwa uso wake. Ni afadhali asome muuguzi kuliko mtoto wako, maana mbele ya mtoto baba hasemi yote.

Maneno yawe katika lugha unayoijua vizuri. Nyingi za karatasi hizo zimeandikwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa katika lugha nyingi, Kifaransa pia. Lakini kwetu «sauti imekauka», «sauti imekatika» na «sauti imefungika» si kitu kimoja. Anayetafsiri kwa haraka anaharibu hesabu. Kama neno hulielewi, uliza kabla ya kujibu.

Andika tarehe, na utunze nakala. Karatasi mbili za miezi miwili tofauti zinasema zaidi kuliko moja.

Na mabibi wasaidie. Mwenye sauti anaizoea polepole, hasikii tena jinsi ilivyobadilika. Bibi anayesikia sauti hiyo kila siku, ao ndugu anayemsikia kwa simu baada ya miezi, ndiye anayejua. Mama, kama bwana wako anasema «ni kitu kidogo» kwa mwezi wa pili, usikubali.

JIULIZE NYUMBANI

Maulizo haya si karatasi ya munganga, wala hayana hesabu ya kujumlisha. Ni ya kukuamsha. Soma pamoja na jamaa, kila mtu ajibu kwa ajili yake.

1. Je, sauti yangu ya jioni baada ya kazi ni tofauti sana na ile ya asubuhi?
2. Je, watu wananiambia mara kwa mara «rudia, sikukusikia»?
3. Je, ninasafisha koo kila wakati, kama kuna kitu kimeganda humo?
4. Je, ninasikia uchovu ao maumivu katika shingo nikisema kwa muda mrefu?
5. Je, sauti inakatika katikati ya maneno?
6. Je, nimeacha kuimba, kusali kwa sauti ao kusimama kusema mbele ya watu kwa sababu ya sauti?
7. Je, katika simu watu hawanitambui tena?
8. Je, kazini nimeshindwa kumwonya mwenzangu kwa sababu sauti haikutoka?
9. Je, ninaamka asubuhi na uchungu kama wa asidi katika koo, kifua kikiwaka?
10. Je, sauti yangu imekauka tangu majuma matatu ao zaidi?

Kama umejibu «ndiyo» mara moja tu, lakini ni kwa ulizo la 10, hilo moja linatosha. Nenda. Kama ni kwa ulizo la 8, nenda pia, na umwambie mwenye kuangalia usalama, maana hapo siyo afya yako tu. Kama ni «ndiyo» kwa mengine kadhaa, na majuma matatu hayajafika, anza kutunza sauti kama tunavyoeleza chini, halafu jiulize tena juma lijalo.

MUNGANGA ATAFANYA NINI?

Wengi wanaogopa kwa kuwa hawajui. Munganga ataangalia shingo, atauliza juu ya kazi, sigara na kikohozi. Halafu inafaa kutazama kamba za sauti kwa macho. Zamani hakuna aliyezijua kwa mtu aliye hai akisema, mpaka mwalimu mmoja wa kuimba, Manuel García, alipotumia kioo kidogo na mwangaza wa jua katika mwaka 1854, akaziona ndani ya koo lake mwenyewe. Mpaka leo kioo hicho kidogo chenye mkono mrefu kinatumika. Munganga wa ORL, yule wa masikio, pua na koo, anaweza kutumia pia bomba jembamba lenye kamera, linalopita puani. Linakera, linatoa machozi, lakini ni jambo la dakika chache na mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Kama kuna sugu juu ya kamba, kisu si dawa ya kwanza. Dawa ya kwanza ni kujifunza kusema upya, bila kujikaza. Kama ni asidi ya tumbo inayopanda, kuna dawa na chakula cha kufuata. Kama ni mafua, inapita yenyewe. Msinunue antibiotiki njiani kwa ajili ya sauti iliyokauka. Mara nyingi hazisaidii kitu, zinakula franka na kuficha wakati.

TULINDE SAUTI

Kazini:
- Mahali pa kelele, tumieni alama za mkono, taa, sirena na radio za kuzungumzia. Mpangane kabla ya kuanza posti.
- Mkaribie mwenzako kabla ya kusema. Hatua tano ni rahisi kuliko kelele moja.
- Vaa maski ya vumbi. Kwenye asidi vaa maski iliyoagizwa kwa asidi; kitambaa hakizuii ukungu wake.
- Mwagia maji njia na mawe ili vumbi lisipande.
- Kunywa maji kidogo kidogo katika posti nzima.

Nyumbani:
- Acha sigara. Punguza pombe kali.
- Mbabula iwe nje ao mahali penye hewa.
- Sauti ikikauka, pumzika kusema siku mbili tatu. Usinong'one kwa nguvu. Kwa wengi kunong'ona kunakaza koo kama kelele.
- Usisafishe koo kwa nguvu. Meza mate ao kunywa maji.
- Mwalimu, mpe mtoto kengele ao piga makofi kwa kunyamazisha darasa. Mwimbaji, usiimbe juu ya mafua.

Karatasi ya maulizo ikiletwa katika dispanseri, ijibuni kwa ukweli. Na kama haijaletwa, kalenda iko ukutani. Andika juu yake siku sauti ilipokauka. Majuma matatu yakitimia bila sauti kurudi, ondoka uende kwa munganga, wakati ungali unaweza kumweleza kwa mdomo wako mwenyewe.